Barua ya mjomba kwa mpwa wake kuhusu vijeba

Kwa mpwa, mwalimu wa mpira wa watoto, Mbagala, Dar es Salaam.

Mpwa afahamishwe kwamba wa nyumbani Muheza ni wazima, kwamba bibi yake sasa anatembea kwa mkongojo bila kushikwa mkono, na kwamba michungwa imezaa sana mwaka huu huku bei ya machungwa ikiwa haisemeki.

Barua hii imeandikwa kwa sababu ya neno lililofika Muheza pamoja na wageni wa msiba, nalo ni kwamba katika kikosi cha mpwa cha watoto walio chini ya miaka 15 yumo mshambuliaji anayenyolewa ndevu kila asubuhi ya mechi, na kwamba mpwa mwenyewe ndiye anayemhangaikia hati ya kiapo ili kijana huyo apate cheti cha kuzaliwa chenye mwaka usio wake. Maneno ya msibani hutiwa chumvi, na mjomba hakuyapokea kama ushahidi. Lakini mama wa mpwa, ambaye si mtu wa kukaa kimya mwanawe anaposingiziwa, aliyasikia akainama kuchambua mchele, na kimya hicho ndicho kilichozaa barua hii.

Kijeba, kama anavyoitwa viwanjani, ni mchezaji anayeandikishwa katika mashindano ya umri ambao ameshaupita. Asidhaniwe kuwa ni jambo la mchangani tu. Mwaka 1988 Mexico ilifungiwa miaka miwili na Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, kwa kuwachezesha waliozidi umri katika timu yake ya vijana, na adhabu hiyo ikaikosesha timu ya wakubwa, ambayo haikuhusika na udanganyifu huo, Kombe la Dunia la 1990 nchini Italia. Serengeti Boys, timu ya taifa ya Tanzania ya vijana chini ya miaka 17, ilikuwa imeshafuzu fainali za Afrika za 2005 nchini Gambia ilipoondolewa kwa sababu ya mchezaji mmoja aliyezidi umri, na Watanzania wakasubiri hadi 2017 kuiona katika fainali hizo, tena baada ya Kongo Brazzaville kuenguliwa katika shauri la umri wa mchezaji.

Tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009 nchini Nigeria, FIFA hutumia kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayochukuliwa kwa nguvu ya sumaku, ambacho hutazama mfupa wa kigasha karibu na kiganja: kijana anayekua huwa na gegedu laini kwenye ncha ya mfupa huo, na gegedu hiyo ikishageuka mfupa mtupu, ni nadra sana mwenye mkono kuwa hajatimiza miaka 17. Mpwa atasema kwamba watoto wa Mbagala hawapigwi picha ya sumaku, naye atakuwa amesema kweli. Lakini Guinea, iliyofika fainali ya michuano ya Afrika ya 2019 iliyochezwa hukohuko Dar es Salaam, haikuponzwa na mfupa bali na karatasi, kwa kuwa wachezaji wake wawili walikuwa wamewahi kuandikishwa kwa tarehe nyingine za kuzaliwa katika mashindano ya Japani. Tarehe ya uongo husubiri kukutana na tarehe ya kweli.

Haya yote mpwa anayajua, maana ana cheti cha ukocha na alikuwa hodari wa kukariri tangu akiwa darasa la pili. Lisiloandikwa katika vyeti hivyo ndilo lililompata mjomba katika miaka aliyokuwa mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, na kwa kuwa halijapata kusimuliwa nyumbani kwa ukamilifu, litasimuliwa hapa. Katika fainali ya tarafa, ambayo ilitumika kuchagua timu ya wilaya, shule pinzani ilimleta kijana aliyekuwa amekwisha kumaliza darasa la saba na kuanza kukata mkonge katika shamba la jirani. Aliandikishwa kwa jina la mdogo wake wa darasa la tano, akaamriwa kwamba jina litakapoitwa anyooshe mkono tu, asiitike, kwa sababu sauti yake ilikuwa imeshakuwa nzito. Viganja alivyovinyoosha vilikuwa na makovu ya miiba ya mkonge, yaliyoonekana hata upande wa pili wa uwanja. Alifunga mabao matatu, yote kwa kuwapiga vikumbo mabeki wa miaka 12 ambao vichwa vyao vilimfika kifuani.

Mjomba alikata rufaa siku hiyohiyo, na rufaa ikatupwa kwa hoja kwamba ada ilichelewa, ingawa bahasha ya ada ilikuwa mezani pa kamati kabla ya kipenga cha mwisho. Jambo hilo liishie hapa, maana wengine waliokuwa katika kamati ile ni marehemu.

Lililo kubwa zaidi ni la yule mdogo mtu. Yeye ndiye aliyekuwa mchezaji. Alitumia mguu wa kushoto, na mjomba alikuwa amemwona katika mechi za kirafiki akiupokea mpira na kugeuka nao kwa mguso mmoja. Siku ya fainali, kwa kuwa jina lake lilikuwa mgongoni mwa kaka yake, aliketi nje ya chaki akiwamenyea wenzake machungwa ya mapumziko. Mwaka uliofuata alipokwenda kwenye mchujo wa wilaya, wasimamizi walifungua daftari, wakasema kwamba mwenye jina hilo wanamfahamu, ni mrefu na ana sauti nzito, kwa hiyo huyu mdogo ni mwongo. Akarudishwa nyumbani kama kijeba, yeye ambaye alikuwa mdogo kuliko wote waliokuwapo. Hakucheza tena. Kaka yake naye, Jumatatu iliyofuata fainali, alikuwa mkongeni kama kawaida, kwani mabao ya uongo hayakumfungulia mlango wowote, na mwalimu aliyemleta alipewa kikombe ambacho hata shule yake haijui kiliko.

Hapo ndipo mpwa anapopaswa kuitazama kazi yake. Wataalamu wa ukuaji hutofautisha umri wa kalenda, unaohesabiwa tangu kuzaliwa, na umri wa mwili, unaopimwa kwa ukomavu wa mifupa, na watoto wawili wa miaka 13 waliozaliwa mwezi mmoja huweza kuachana kwa miaka kadhaa katika huo wa pili. Hata bila udanganyifu, jicho la kocha huvutwa na aliyetangulia kukomaa, na ndiyo maana vituo vingi vya vijana vya Ulaya vimekutwa na wengi waliozaliwa Januari hadi Machi, yaani wakubwa wa mwaka wao, na wachache wa Oktoba hadi Desemba. Kocha mwenye kijeba hushinda bila kufundisha: mpira hupigwa mbele, kijeba huukimbilia, na wale wengine kumi humaliza msimu bila kujifunza kupokea, kutazama wala kuachia pasi kwa wakati. Mshindi wa namna hiyo si kocha, ni msimamizi wa misuli ya mtu mwingine.

Haki nayo isemwe: ndevu peke yake si ushahidi, wapo watoto wanaobalehe mapema, na kumfukuza kijana kwa sababu ya kimo ni dhuluma ya upande wa pili. Iulizwe kadi ya kliniki, litazamwe daftari la darasa la kwanza, aulizwe mama mzazi faraghani ni nani aliyemfuatia.

Mengine ni machache. Walio chini ya miaka 12 wapewe mpira namba 4 na uwanja mdogo, wawe saba kwa saba, ili kila mmoja auguse mara nyingi. Mzazi anayefoka pembeni apewe kazi ya kuteka maji. Wakala anayeahidi safari ya Ulaya aambiwe kwamba FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 ila kwa masharti machache, na akishaambiwa aonyeshwe njia ya kituo cha daladala.

Tukirudi kwenye hati ya kiapo: kuapa uongo ni kosa la jinai, na atakayeulizwa si kijana peke yake bali pia aliyempeleka kwa wakili. Ikiwa neno la msibani ni la uongo, mpwa aandike mstari mmoja kulikanusha, na mjomba atausoma kwa sauti mbele ya haohao walioleta habari. Ikiwa ni la kweli, jina liondolewe kabla usajili haujafungwa, na kijana apelekwe kwa sifa zake kwenye timu ya wakubwa, ambako huenda akafaa. Mjomba, ambaye ndiye aliyemnunulia mpwa njumu za kwanza wakati shemeji yake aliposema mpira ni kazi ya wahuni, anadhani ana haki ya kujibiwa.

Pamoja na barua hii, dereva wa basi amepewa gunia la machungwa na jozi moja ya njumu namba 36. Machungwa ni ya kikosi chote, na njumu apewe yule mtoto aliyeachwa benchi.

Mjomba wake,
Muheza