Kiseke: Ng'ombe wa mjini na machicha ya bia

Kiseke, wilayani Ilemela jijini Mwanza, nyumba zimepanda hadi kwenye miamba na malisho yamebaki vipande. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa hutegemea mabaki ya viwandani: mashudu ya pamba, pumba za mpunga, machicha ya bia.

Ng'ombe aliyezoea majani hunusa machicha na kugeuza kichwa. Asilazimishwe kwa njaa. Aanzishiwe konzi moja iliyochanganywa na pumba na molasi kidogo, kisha aongezewe taratibu kwa wiki mbili.

Machicha mabichi huharibika kwa siku chache. Yakiota ukungu yatupwe, hata kama yamelipiwa. Sumukuvu huweza kupita hadi kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Hasara ya gunia ni nafuu kuliko afya ya mtoto.