Kome wa Ukuta wa Don

Katika bonde la Mto Don, mjini Toronto, familia ya Taylor ilianza kufyatua matofali mwaka 1889. Udongo wa hapo ulijenga Massey Hall na Casa Loma. Lakini kadiri wachimbaji walivyozidi kuukata ukuta wa machimbo, ndivyo tabaka za chini zilivyotoa kitu kisichofaa tanurini: maganda ya kome.

Arthur Coleman, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Toronto, aliyachunguza kwa miaka mingi. Chini na juu ya tabaka hizo upo udongo ulioachwa na barafu. Katikati wamelala kome ambao baadhi ya jamaa zao leo huishi kusini zaidi, katika mito iendayo Mississippi. Basi barafu haikuja mara moja. Iliondoka, hali ya hewa ikawa na joto kuliko leo, kisha ikarudi. Joto hilo lilikuwapo takriban miaka 120,000 iliyopita. (Kiswahili huwaita viumbe hawa kome wa maji baridi, na hapa ushahidi wao wote ni wa joto.)

Kome mwenyewe si msafiri. Watoto wake hung'ang'ania mashavu ya samaki kwa majuma kadhaa, kisha hujiangusha kwenye maji mengine. Kila ganda la ukuta wa Don, kwa hiyo, ni habari ya samaki pia.

Zama za makaa ya mawe hazikupata bahati hiyo. Kule Joggins, Nova Scotia, miamba yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 300 imejaa kome ambao William Dawson aliwaita Naiadites. Waliishi katika maji baridi, au ya chumvichumvi kama ya delta ya Rufiji? Wataalamu wamebishana muda mrefu, kwani hakuna jamaa wa karibu aliye hai wa kuulizwa.

Kome wa Don wangali nao. Lakini mwaka 1988 kome milia, wageni waliosafirishwa na meli kutoka ng'ambo, waligunduliwa katika Ziwa St. Clair. Hujibandika kwa mamia juu ya kome wenyeji hadi hao washindwe kula na kupumua. Katika ziwa hilo na Ziwa Erie, wenyeji walikaribia kutoweka katika miaka michache tu. Wakiisha, Don itakuwa Joggins nyingine, na maganda yake yatabishaniwa vivyo hivyo.

Machimbo yamekwisha fungwa. Jumamosi watu huja pale kununua mboga, na ukuta wa kaskazini uko nyuma yao, nyasi zikiupanda.