Tusinunue Maji kwa Bei ya Kuni

Wandugu, mvua imerudi Kampala, na vyumba vyetu vya Katwe na Nsambya vimejaa moshi tena. Tuongee habari ya kuni.

Wengi wetu tumekua na makala. Lakini gunia la makala sasa tunaliogopa, zaidi tangu 2023 Rais Museveni alipopiga marufuku biashara ya makala kaskazini mwa nchi. Mjini hapa hakuna mgao, kila mtu anajipikia kwa pesa yake. Ndiyo maana mama zetu wamerudia kuni, hasa kalitunsi, zile zinazoshushwa kwenye lori zikiwa bado mbichi.

Sasa, mti uliokatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Moto wako unachemsha kwanza yale maji ndani ya kuni, bugali inasubiri. Moshi wote ule unaingia kwenye kifua cha mtoto aliyebebwa mgongoni.

Kwenye kikundi chetu tulifanya hivi. Mwezi wa kwanza, jua likiwa kali, familia sita tulichanga tukanunua mzigo mmoja. Tulipasua zote siku ileile, maana gogo zima linakauka polepole sana, ganda linafunga maji ndani. Tukazipanga juu ya matofali zisiguse udongo, tukaacha nafasi upepo upite. Juu tuliweka bati. Pembeni wazi! Watu wanazifunga na turubai mpaka chini, halafu wanashangaa kuni zimeota ukungu.

Utajuaje zimekauka? Ncha zinapasuka nyufa, ganda linabanduka, kipande kinakuwa chepesi mkononi. Gonga viwili pamoja: kavu inalia ko-ko, mbichi inajibu bu.

Shida kubwa ni nafasi. Mzee mmoja jirani alituachia kona nyuma ya nyumba yake, naye anapata fungu lake. Wizi pia ulikuwepo, basi tukapaka rangi kwenye ncha. Mama mmoja aliyejifungua alichukua kabla ya zamu, na hakuna aliyelalamika.

Ndugu zetu waliohamishiwa Norway wanatuambia kule watu wanapasua mapema na kukausha kiangazi chote, ndipo wachome wakati wa theluji. Kumbe hata matajiri wanapanga kuni.

Jambo moja: usiku wa baridi usilale na mbabula ndani, mlango umefungwa. Sumu ya makala haina harufu, na inaua hata pasipo moshi.

Na nyinyi mnaotugawia majiko bora, asante. Lakini jiko bora nalo linakohoa likipewa kuni mbichi. Safari ijayo leteni na mabati.

Mzigo unaofuata tutanunua mwezi wa sita, mvua ikikatika. Anayetaka kuingia aje Jumamosi na mchango wake. Mwenye shoka alete shoka, letu mpini umevunjika.