Figo Zako Safarini Garissa

Umewahi kupanda basi la Garissa ukakataa kunywa maji, eti usimsumbue dereva kusimama njiani? Mimi nilifanya hivyo. Tulipovuka daraja la Mto Tana kichwa kiliniuma, moyo ukaenda mbio, na mkojo, niwie radhi, ulikuwa matone tu, rangi ya strungi.

Kumbe ubongo ulikuwa umetuma homoni kuziamuru figo zibane maji. Figo huchuja takriban lita 180 kwa siku, na karibu zote hurudi mwilini. Hutoka lita moja au mbili tu. Damu ikipungua maji, moyo hulazimika kupiga haraka.

Mama mwenyeji wangu alininywesha maji kidogo kidogo. Saa mbili usiku nilikwenda haja ndogo, nikarudi nikicheka.