Je, Nyumba Yako Ina Ghala?

Wahenga walisema akiba haiozi. Sisi watu wa Nakuru twaupenda msemo huu, ila tukiutaja aghalabu huwa tunazungumza juu ya pesa za benki au za chama. Leo, msomaji mpenzi, hebu inuka uende jikoni ukahesabu akiba ya aina nyingine. Iwapo hakuna duka litakalofunguliwa kesho wala kesho kutwa, jamaa yako itakula nini, na kwa siku ngapi?

Ni ajabu kwamba swali hili linatushinda wengi, kwani tunaishi katikati ya chakula. Ukipanda matatu hapa mjini, hukawii kufika kwenye mahindi ya Bahati na Subukia, ngano ya Njoro, au viazi vya Molo na Mau Narok. Hata hivyo, wengi wetu hununua unga jioni tukitoka kazini, pakiti moja ya kilo 2, na ikiisha tunarudi dukani. Wazee wetu hawakuishi hivyo. Katika boma la Wakikuyu kulikuwa na ikumbi, ghala lililoinuliwa kutoka ardhini ili unyevu na panya wasilifikie. Tulipohamia mjini, ghala tuliliacha kijijini.

Mimi thamani yake niliiona siku za mwisho za Januari 2008, nikiwa bado mwanafunzi. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimeufikia mji wetu. Barabara zilifungwa, kafyu ikawekwa, na maduka ya mtaani kwetu yakafunga milango. Hata mtu aliyekuwa na pesa mfukoni hakuwa na pa kuzitumia. Mama alikuwa na desturi ya kununua gunia la mahindi na debe la maharagwe kila Desemba, bei ikiwa chini. Kinu cha kusagia nacho kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo ugali tuliusahau. Tulikula githeri mchana, tukala githeri usiku, na hakuna aliyelalamika.

Jirani yetu alitoka kabila lililohesabiwa kuwa upande wa pili wa ugomvi ule. Jioni Mama alipima gorogoro moja la mahindi akampitishia juu ya ua. Gorogoro lilirudi likiwa limejaa makaa, maana sisi yalikuwa yametuishia. Gunia lile lilituwezesha kubaki ndani wakati nje kulikuwa na hatari, nalo lilitubakishia jirani.

Wala simdanganyi mtu kwamba ghala ni kinga ya kila kitu. Wengi wa wakulima waliokimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Nakuru miezi hiyo walikuwa wametoka kuvuna. Nyumba na maghala yao yaliteketezwa pamoja. Akiba yahitaji amani, kama vile mbegu inavyohitaji mvua.

Lakini si vita pekee vinavyotutia njaa. Katika Bonde la Ufa mahindi mengi huvunwa kati ya Oktoba na Desemba, ndipo bei hushuka. Ifikapo Mei hadi Julai, ya zamani yamepungua na mapya bado yako shambani. Mwaka 2017 bei ya unga ilipanda hadi serikali ikatoa ruzuku mwezi wa Mei, pakiti ya kilo 2 ikauzwa shilingi 90. Mwaka 2022 pakiti hiyo ilipita shilingi 200, na mwezi wa Julai ikashushwa kwa ruzuku hadi shilingi 100 kwa majuma machache tu. Mara zote mbili unga huo wa bei nafuu ulikuwa adimu madukani. Mwenye gunia hununua kwa bei ya mavuno, mwenye pakiti hununua kwa bei ya njaa. Nalo gunia la kilo 90, likisagwa bila kukobolewa, hutoa zaidi ya pakiti 40.

Wewe unayekaa chumba kimoja Kaptembwa au Rhonda, au mwanafunzi uliyepanga Njoro, usiseme gunia halina pa kukaa. Anza na gorogoro moja la mahindi na moja la maharagwe, kisha ongeza kila mwisho wa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Usisahau chumvi, makaa na mtungi wa maji.

Hapa ndipo msemo wa wahenga unapohitaji kuongezewa neno. Akiba haiozi, lakini mahindi yasiyokauka huoza, tena huua. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Tia konzi ya mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, uitikise vizuri. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukiweza, nunua mfuko usiopitisha hewa, ambamo dumuzi, mdudu ambaye wakulima wetu humwita Osama, hufa bila dawa yoyote. Na kila mara kula ya zamani kwanza.

Basi, msomaji mpenzi, malori ya mahindi yatakapoanza kuteremka mjini mwishoni mwa mwaka, usiyaangalie tu yakipita. Keti na mwenzako, au na wenzako mnaoishi pamoja, mpange mtanunua kiasi gani. Na mkishapima chakula chenu, ongezeni gorogoro moja la jirani.