Nani Anamuuliza Mganga Hali?

Usiku mmoja tulibisha mlangoni kwa mganga wa hospitali ya kwetu, maana mtoto wa jirani alikuwa na homa kali. Mganga akaamka, akamtunza mtoto mpaka alfajiri. Tukamshukuru, tukageuka kwenda zetu. Ndipo akasema taratibu: "Mwalimu, miaka mitatu mnabisha hapa. Kila mtu ananieleza ugonjwa wake. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimekula."

Tuliona haya. Sisi tuliosoma seminari, sisi tunaofundisha upendo, tulimfanya mtu yule kama kisima: tunachota, tunaondoka.

Njiani tukakumbuka mambo ya Bukavu. Dokta Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, akawatibu maelfu ya wanawake walioumizwa vitani. Mwezi wa kumi 2012, watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake, na mtu aliyekuwa akimfanyia kazi akauawa. Mganga akakimbilia Ulaya pamoja na jamaa yake. Basi, ni nani waliomvuta arudi? Ni akina mama maskini wa kisiwa cha Idjwi! Waliuza mananasi na vitunguu wapate kumlipia nauli. Mwezi wa kwanza 2013 akarudi, na akina mama wakajitolea kumlinda kwa zamu. Silaha hawakuwa nazo. Walimwonyesha tu kwamba anao watu.

Tulieleza habari hiyo katika shirika letu. Tangu siku ile, kila Jumapili nyumba moja humwalika mganga wetu kula bugali na sambaza. Sheria ni moja: mezani hakuna kusema habari za ugonjwa. Anacheka, anasimulia habari za mama yake.

Lakini iko huzuni tusiyoweza kuibeba pamoja naye, ile ya mgonjwa aliyemfia mikononi. Kwa hiyo kila juma huzungumza na mganga mwenzake wa hospitali ya jirani. Yule anaelewa kabla ya kuelezwa. Jamaa na rafiki humpumzisha moyo. Mwenzake wa kazi humsaidia mzigo.

Ndugu msomaji, kesho utabisha tena kwa mganga wako. Mweleze ugonjwa wako, ndiyo kazi yake. Lakini kwanza mwulize: "Umelala? Umekula?" Kisha ungoje jibu.