Bei ya Ndovu wa Tabora

Katika vitu vya kale vilivyotoka nchini mwetu, kimoja kinachonifikirisha mara kwa mara ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Wajerumani walikuwa wamezingirwa vitani, na fedha kutoka kwao hazikuweza kuwafikia. Basi walichukua dhahabu ya Sekenke, wakapiga sarafu katika karakana ya reli. Upande mmoja waliweka tai wao. Upande wa pili ndovu aliyeinua mkonga, na mlima nyuma yake. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000, na hata leo wakusanyaji wa nchi za mbali huzigombania.

Je, sarafu hiyo ina thamani gani? Wengi watajibu: kitazame kitabu cha bei. Huko Marekani, mwaka 1949, William Sheldon alitunga vipimo vya 1 hadi 70 kwa ajili ya senti za zamani. Tangu miaka ya 1980, kampuni kama PCGS na NGC huzipa sarafu madaraja kwa vipimo hivyo na kuzifungia katika vikasha vya plastiki. Kwa hiyo mtu husoma daraja kwenye kikasha, akalitafuta kitabuni, akadhani amekwisha kuijua bei.

Mimi naona imani hiyo imezidi kipimo. Kwa sarafu ziuzwazo kila siku, kitabu hukaribia ukweli, maana mauzo ni mengi. Lakini sarafu adimu yaweza kukaa muda mrefu bila kuuzwa katika daraja fulani. Hapo mtungaji hukisia. Tena daraja lenyewe ni rai ya watu: sarafu mbili za daraja 62 zaweza kutofautiana, moja ina mikwaruzo, nyingine yang'aa. Zaidi ya hayo, mara nyingi bei iandikwayo ni ile anayotoza mwenye duka, wala si ile atakayomlipa mjane aliyemletea sarafu ya marehemu mumewe. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Ushahidi ulio bora ni bei zilizolipwa minadani karibuni, tena minada kadhaa, kwani washindani wawili wakaidi waweza kuipandisha bei kwa siku moja. Hata hapo, ada ya mnada huondolewa kabla muuzaji hajapata chake. Jambo moja halina ubishi: sarafu hii ina uzito wa gramu 7 na ushei, na robo tatu yake ni dhahabu halisi. Asiyelijua hilo aweza kupunjwa hata thamani ya dhahabu yenyewe.

Ndovu huyu ni sehemu ya historia yetu, ingawa bei yake huandikwa mbali. Yatupasa kuwafundisha vijana wetu kuuliza kila waonapo bei kitabuni: imetokana na mauzo yapi, ya lini, na muuzaji alipokea kiasi gani?